Sauti Tano za Buganda

Mtu aliyezoea kinanda cha kanisani, akisikia mara ya kwanza amadinda, yaani marimba ya Waganda, huenda akadhani ya kuwa chombo kimeharibika. Sivyo. Chombo ni kizima. Hesabu ya sauti zake ndiyo iliyo mbalimbali na ya kinanda.

Wazungu huigawanya nafasi iliyo kati ya sauti na mwenzake wa juu kuwa nusu-hatua 12. Waganda huigawanya kuwa hatua 5 zilizo karibu kulingana. Basi hatua moja ya Kiganda ni kama nusu-hatua mbili na sehemu mbili za tano, na kipimo hicho hakimo katika kinanda.

Amadinda ina mbao 12, hulazwa juu ya vigogo vya migomba. Wapigaji wawili hukaa wakielekeana, kila mmoja akipiga katika nafasi aliyoiacha mwenzake. Wa tatu huziitikia mbao mbili za juu. Ndipo husikika wimbo ambao hakuna mmoja wao aliyeupiga peke yake.

Katika ikulu ya Kabaka zilikuwako pia entenga, ngoma 15, na 12 katika hizo zilitengenezwa kwa sauti hizo tano. Lakini Mei 1966 majeshi ya serikali yaliishambulia ikulu ya Mengo. Vyombo vikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Elimu haikufa yote, maana Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu, alikuwa amekwisha kuwafundisha wengine.

Na kanisani je? Wamisionari walifika Buganda mwaka 1877 na 1879, wakaleta nyimbo za kwao. Maneno yalifasiriwa, tuni zikabaki za Ulaya. Lakini katika Luganda kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Hivyo mara nyingi tuni ilipanda palipopasa neno lishuke. Joseph Kyagambiddwa aliliona jambo hili. Mwaka 1955 alitoa kitabu juu ya muziki wa Buganda, na mwaka 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, utungo wake mkubwa juu yao uliimbwa Roma kwa Luganda.

Enyi walimu, mbao huoza na ngoma huungua. Kipimo cha sauti hukaa masikioni mwa watu. Wazee wasipowasikilizisha watoto, hapana kinanda kitakachokirudisha.