Jinsi Linux Ilivyoingia Kwenye Mashine za Michezo

Mwaka 2002 Sony iliuza boksi ambalo halikuwa na mchezo hata mmoja ndani yake. Kwa dola 199 za Marekani mnunuzi alipata diski kuu ya gigabaiti 40, adapta ya mtandao, kibodi, kipanya, kebo ya kuunganishia monita ya kompyuta na DVD mbili. Alitakiwa tu awe na PlayStation 2 na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8. Akishaunganisha vyote, mashine ambayo wengi wetu tuliijulia vibandani, tukiilipia kwa mechi, iligeuka kompyuta kamili inayoendeshwa na Linux. Wajapani walikuwa wameshaonja toleo la majaribio mwaka mmoja kabla.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Kiini chake ni kerneli, ile sehemu ya mfumo endeshi inayoshughulika na vifaa moja kwa moja: inagawa kumbukumbu, inapanga zamu za prosesa, inapokea kila herufi inayobonyezwa kwenye kibodi. Kifaa kisichokuwa na draiva ndani ya kerneli ni sawa na hakipo. Kwa kuwa msimbo chanzo wa Linux uko wazi, anayekosa draiva anaweza kuiongeza, kisha akaikompaili kerneli upya, yaani akaugeuza msimbo alioandika binadamu kuwa maagizo inayoyaelewa prosesa. Historia ya Linux kwenye mashine za michezo ni historia ya kazi hiyo, na naona imesimuliwa kidogo mno kuliko ile ya waliovunja kufuli za mashine hizo.

Kerneli iliyokuja na boksi la Sony ilikuwa toleo 2.2.1, ambalo kwa asili lilitoka Januari 1999. Ilitambua vifaa vilivyomo kwenye boksi. Mwenye printa, kamera au kifaa kingine cha USB alilazimika kufungua orodha ndefu ya machaguo, kuweka alama penye draiva anayoitaka, na kuanza kukompaili. Prosesa ilikwenda kwa megahezi 294 na kumbukumbu ilikuwa megabaiti 32 tu, kwa hiyo kazi haikuwa ya kukimbizana. Mwishoni lilipatikana faili moja, vmlinux, na hapo ndipo PlayStation ilipojitofautisha na kompyuta ya mezani. Faili halikukaa kwenye diski kuu. Lilinakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ileile ambayo mwenzako alihifadhia ligi yake ya mpira, na jina lake likaandikwa kwenye faili dogo la p2lboot.cnf. Kila mstari wa faili hilo ulitaja kerneli moja na mahali mfumo ulipo kwenye diski. Mwenye busara aliuacha mstari wa kerneli ya zamani, maana kerneli mpya ikikataa kuwaka, kilichobaki ni kioo cheusi kisicho na neno hata moja la kueleza kosa.

Hata kioo chenyewe kilikuwa na masharti. Monita ilitakiwa iwe ya aina inayopokea mapigo ya ulinganifu kupitia waya wa rangi ya kijani. Nyingi za madukani hazikuwa hivyo.

Wahandisi waliohamishia Linux kwenye mashine hii walikumbana na jambo gumu zaidi ndani ya prosesa, ambayo kiufundi huitwa R5900. Ina kasoro ya kiwandani: mzunguko mfupi wa maagizo, wa maagizo sita au pungufu, katika mazingira fulani hutekelezwa mara moja au mbili tu kisha prosesa inasonga mbele kana kwamba imemaliza. Programu imeambiwa ihesabu hadi elfu, inaishia mbili. Dawa yake haiko kwenye kerneli bali kwenye kompaila: inapokutana na mzunguko mfupi wa namna hiyo, iweke agizo tupu lisilofanya kitu pale mwishoni. Kompaila ya GCC ina chaguo maalumu la kasoro hii, na maelezo yake yanasema waziwazi kwamba tatizo ni la chipu. Ukikompaili kerneli kwa kompaila isiyojua habari hiyo, utapata faili linaloonekana zima kabisa, ambalo litaanguka mahali ambapo msimbo wako hauna kosa lolote.

Nawapa Sony haki yao kwa jambo moja. Kwenye diski ya kwanza waliweka miongozo yao ya kiufundi kuhusu Emotion Engine, yaani chipu kuu ya mashine hiyo, vitengo vyake vya vekta na chipu ya picha. Ni maandiko ambayo kampuni za michezo huyafungia kabatini, na hapa kijana yeyote mwenye dola 199 aliyasoma. Lakini hawakufungua kila mlango. Linux iliwaka juu ya tabaka dogo la Sony lenyewe lililofichwa msimbo, na kupitia hilo sehemu za mashine zilibaki hazigusiki. Kisomeo cha DVD, kwa mfano, hakikusoma diski za kawaida. Pamoja na hayo, mwaka 2003 wanasayansi wa kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, waliunganisha PlayStation 2 zipatazo 70 zikawa kompyuta moja ya utafiti. Mwaka uliofuata ilikuja PlayStation 2 nyembamba isiyokuwa na nafasi ya diski kuu. Boksi la Linux likakosa pa kuchomekwa, na watu wa kujitolea wakaandika kipakizi chao wenyewe, kernelloader, ili kerneli mpya ziweze kuwaka bila lile tabaka la Sony.

Kwa upande wa Microsoft mambo yalianza bila hisani yoyote. Xbox ya Novemba 2001 ilikuwa karibu kompyuta ya kawaida: prosesa ya Intel ya megahezi 733, megabaiti 64 za kumbukumbu, diski kuu, chipu ya picha ya Nvidia. Ilifungwa kwa ufunguo wa siri, na Andrew Huang, aliyekuwa MIT, aliunasa ufunguo huo mwaka 2002 kwa kusoma mawimbi yaliyopita kati ya chipu na chipu. Michael Robertson wa kampuni ya Lindows alitangaza zawadi ya dola 200,000 kwa watakaoiwasha Linux humo, nusu ya fedha hizo ikiwa kwa atakayefanya hivyo bila kuifanyia mashine marekebisho ya vifaa. Mradi wa Xbox Linux, ulioongozwa na Mjerumani Michael Steil, ulishika kazi.

Hadithi ya ufunguo imeandikwa sana. Kinachonivutia mimi ni kilichofuata baada ya mlango kufunguka, maana kerneli ya kawaida ya kompyuta za Intel haikuweza kukaa humo kwa amani. Tuchukue saa. Tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, kompyuta za ukoo huu zina kihesabio kinachopiga mara 1,193,182 kwa sekunde, na kerneli huamini hivyo bila kuuliza. Kwenye Xbox kinapiga mara 1,125,000. Kerneli isiyorekebishwa ingehesabu mapigo hayo kwa kipimo cha zamani, na kila saa moja ya ukutani saa ya mashine ingebaki nyuma kwa zaidi ya dakika tatu. Marekebisho yenyewe ni kubadili namba moja kwenye msimbo na kukompaili. Lakini ni lazima kwanza mtu aligundue tatizo.

Basi la PCI, njia inayounganisha vifaa vya ndani na prosesa, nalo lilikuwa na mtego. Kerneli inapowaka huuliza kila anwani ya basi hilo kama kuna kifaa. Kwenye Xbox, anwani fulani ukiziuliza mashine inaganda. Ikabidi kerneli ifundishwe mahali pa kutokugusa. Kitufe cha kutolea diski kiliiwasha mashine nzima upya mpaka chipu inayokisimamia ilipoagizwa iache. Pedi zilikuwa USB tupu zenye plagi ya umbo jingine, na zikaandikiwa draiva iliyoitwa xpad.

Kisha ikaja PlayStation 3, na hapa moyo wangu hauko shwari. Mashine hiyo ya Novemba 2006 ilitoka kiwandani ikiwa na kipengele cha OtherOS: mnunuzi alitenga sehemu ya diski na kuweka mfumo endeshi mwingine bila kuvunja chochote. Sony yenyewe ilimlipa mhandisi, Geoff Levand, kuitunza sehemu ya PS3 ndani ya kerneli rasmi ya Linux. Prosesa yake, Cell, ilikuwa na kiini kimoja kikuu na vichakataji vidogo, sita kati ya hivyo vikiwa wazi kwa mtumiaji wa Linux. Haipavaiza, tabaka la ulinzi lililokaa chini ya kila kitu, lilizuia kuitumia chipu ya picha kikamilifu.

Kumbukumbu ya megabaiti 256 ilikuwa finyu, na yalipofunguliwa madirisha mawili matatu mashine ilianza kukokota. Watumiaji waliona kwamba chipu ya picha waliyonyimwa ina kumbukumbu yake, karibu megabaiti 256 nyingine, imelala bure. Kwa hiyo ikaandikwa draiva ya ps3vram, inayoichukua kumbukumbu hiyo ya picha na kuionyesha kwa kerneli kama diski ndogo yenye kasi, ili mfumo uhamishie humo vitu ambavyo havitumiki kwa sasa. Mwanzoni aliyeitaka alilazimika kukompaili kerneli yake mwenyewe. Mwaka 2009 iliingia kwenye kerneli rasmi. Sijui mfano bora wa kilema cha mashine kilichotibiwa na watumiaji wake.

Watafiti hawakubaki nyuma. Gaurav Khanna, wakati huo mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth, alizitumia PS3 kukokotoa mawimbi ya uvutano yanayotokana na mashimo meusi. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha 1,760 kwenye maabara yake ya Rome, jimbo la New York.

Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho namba 3.21, na OtherOS ikaondolewa. PS3 nyembamba ya 2009 ilikuwa tayari haina, lakini sasa iliondolewa hata kwa waliokwisha kuilipia. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: Januari ya mwaka huo kijana Mmarekani George Hotz alikuwa amelipenya lile tabaka la ulinzi akitumia Linux. Aliyekataa sasisho alibaki na Linux yake akakosa mtandao wa PlayStation na michezo mipya. Nasema wazi kwamba ilikuwa dhuluma. Kipengele kilichoandikwa kwenye tangazo la biashara ni sehemu ya bidhaa, na muuzaji hana ruhusa ya kurudi nyumbani kwa mteja akakichukua. Kesi ilifunguliwa California na kuburuzwa miaka mingi, mpaka mwaka 2018 yalipoidhinishwa maridhiano ya dola milioni 3.75.

Desemba 2010, kundi la wadukuzi la fail0verflow lilipanda jukwaani Berlin na kuonyesha kwamba sahihi za kidijitali za PS3 zilitengenezwa kwa namba ileile kila mara, wakati kanuni inataka namba mpya ya bahati nasibu kila sahihi. Kwa kosa hilo, funguo za siri ambazo Sony ilitilia sahihi zilipatikana kwa hesabu nyepesi za aljebra. Walieleza pia kwa nini waliianza kazi hiyo: walitaka Linux yao irudi.

Kundi hilohilo lilirejea na PlayStation 4. Mashine hii ya 2013 ina prosesa ya AMD ya ukoo wa kompyuta za mezani, na mfumo wake endeshi umejengwa juu ya FreeBSD, mfumo mwingine wa msimbo wazi. Mtu angedhani Linux ingewaka siku ya kwanza. Walipoionyesha ikifanya kazi Hamburg, Desemba 2015, kisha Hector Martin akaeleza kwa kina mwaka uliofuata, ilibainika kwamba kinachofanana ni prosesa tu. Kazi nyingine nyingi zinapitia chipu ya Marvell iliyopewa jina Aeolia, isiyofuata desturi za kompyuta. Na tatizo la saa likarudi kwa sura mbaya zaidi: Xbox ilikuwa na kihesabio chenye kasi tofauti, PS4 haina kabisa. Kerneli ilipokwenda kukitafuta ili ipime kasi ya prosesa, haikukuta kitu. Ikabidi ifundishwe kutumia kihesabio kilichomo ndani ya Aeolia. Picha nazo zilitoka kwenye chipu ya AMD kwa mfumo wa DisplayPort, zikageuzwa HDMI na chipu ya Panasonic, na chipu hiyo nayo ilihitaji draiva. Matoleo ya baadaye ya PS4 yakaja na chipu za Belize na Baikal badala ya Aeolia, na waliozoea kukompaili wakaanza tena.

Marekebisho ya PS4 hayakuingia kwenye kerneli rasmi, wala yale ya Xbox ya kwanza, isipokuwa draiva ya pedi zake. Anayeyataka leo huyachukua pembeni na kuyapachika mwenyewe. Sehemu ya PS3 imo, miaka mingi baada ya Sony kuifunga OtherOS. Mwaka 2021, katika toleo 5.12, iliongezwa hata Nintendo 64, mashine ya 1996 yenye megabaiti 4 za kumbukumbu, au 8 ukiiongezea.

Na xpad, ile draiva ya pedi za Xbox ya kwanza, iliingia kwenye kerneli rasmi ikaendelea kukua: zikaongezwa pedi za Xbox 360, kisha Xbox One. Leo mtu akichomeka pedi ya Xbox kwenye laptopu ya Linux inaitika papo hapo, wala hakompaili chochote.