Kirusi kisichomgusa mtu, na dawa za kansa

Wenzetu, huku kambini kansa tunaitaja kwa sauti ya chini. Wengine wanasema ni kurogwa, wengine eti hata Ulaya haina dawa. Wiki hii tumeamua kuandika zilikotoka baadhi ya dawa zake, na mwanzo wake ni kirusi.

Kuna virusi vinavyoshambulia bakteria tu. Félix d'Hérelle, akiwa Paris, alivipa jina bakteriofaji mwaka 1917. Sisi tutasema faji.

Mwaka 1985 George Smith wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, alichomeka kipande cha jeni ngeni katika jeni ya faji inayotengeneza ganda lake. Faji akatokea amevaa kile kipande kwa nje, kama sisi tunavyovaa kitambulisho shingoni. Nje unaona protini, ndani kuna jeni iliyoitengeneza. Kumbe hapo ndipo penye kazi yote! Unatengeneza mamilioni ya faji, kila mmoja na kitambulisho chake, unawamwaga juu ya protini ya seli ya kansa. Wasioshika unawaosha, wanaenda. Walioshika unawarudisha kwa bakteria wazaane, halafu unarudia mara tatu, nne. Mama zetu wanavyopepeta mchele, ndivyo hivyo. Mwishoni wanabaki wanaong'ang'ania kabisa, na jeni yao unaisoma.

Smith hakuwa anatafuta dawa ya kansa, na hilo ndilo linatufurahisha zaidi. Mwaka 1990 kundi la Greg Winter, Cambridge, Uingereza, likawavalisha faji vipande vya kingamwili, yaani askari wa mwili. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walieleza walivyowadunga faji panya wenye uvimbe, wakaona ni wapi wanakwenda kushika: mishipa ya damu inayolisha uvimbe. Smith na Winter walipata Nobel ya kemia 2018, pamoja na Frances Arnold.

Sasa msituelewe vibaya. Ramucirumab, kingamwili iliyochujwa kwa faji, iliruhusiwa Marekani 2014 kwa kansa ya tumbo. Inazuia uvimbe kujiotesha mishipa ya damu. Haiponyi. Katika jaribio moja kubwa, waliopewa waliishi kama miezi 5.2, wasiopewa 3.8. Inaingia kwa dripu, ni ghali, na zahanati yetu haina. Ila zahanati hiyohiyo inaandika rufaa, na wazee wetu wengi wanafika pale uvimbe ukiwa umeshakomaa, juu walianza kwa mganga.