Kutoka Kalemie hadi Mirihi: kituo huishi kwa njia yake

Roketi zimewahi kurushwa kutoka ardhi ambayo leo ni jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambalo makao yake makuu ni Kalemie. Mwaka 1976 kampuni ya OTRAG ya Ujerumani Magharibi ilikabidhiwa na serikali ya Mobutu, rais wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi, kaskazini mwa mkoa wa Shaba. Ilirusha roketi tatu kutoka uwanda ulio juu ya mto Luvua, mwaka 1977 na 1978. Ya tatu ilianguka Mobutu akitazama, ila kilichoiondoa kampuni mwaka 1979 ni siasa: nchi jirani pamoja na Umoja wa Kisovieti zilishuku kuwa roketi hizo ni silaha. Kituo hicho kilikufa kwa mambo ya nje yake, lakini wanaochora makazi ya Mwezini na Mirihi hupenda kuyaonyesha kama ngome inayojitosheleza. Historia ya Kalemie inaelekeza kwingine: kituo cha mbali huishi au hufa kwa njia inayokiunganisha na wengine.

Kapteni Jacques, Mbelgiji, alipojenga ngome ya Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa 1891, wenye nguvu ziwani walikuwa wengine. Mwaka uliofuata watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, waliizingira, na isingestahimili bila misafara mingine ya Wabelgiji iliyokuja kuisaidia. Mji wenyewe ulikua baada ya 1915, reli kutoka Kabalo ilipofika ziwani na kuuunganisha na mto Kongo. Makaa ya mawe ya Lukuga na saruji ya Kabimba vilifuata baadaye. Kwa hiyo mali ya mahali penyewe ilitumika, lakini njia ilitangulia, nayo ndiyo iliyoleta mashine na kubeba bidhaa.

Kuna atakayesema kwamba Mirihi haina Rumaliza wala wenyeji wa kunyang'anywa ardhi, na kwamba ufundi wa leo unaweza kurudisha hewa na maji yaliyotumika. Hoja ya kwanza ni ya kweli, ila inaongeza ugumu: pasipo majirani hapana pa kununua chakula wala pa kuomba msaada. Ya pili ina ushahidi wenye pande mbili. Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa Kituo cha Kimataifa cha Anga kinarudisha asilimia 98 ya maji, lakini chakula na vipuri bado hupelekwa kutoka duniani. Huko Arizona, watu wanane walifungiwa ndani ya jengo la majaribio la Biosphere 2 kuanzia 1991 hadi 1993. Oksijeni ilipungua kutoka karibu asilimia 21 hadi chini ya 15, ikabidi iongezwe kutoka nje. Nje palikuwa hatua chache tu. Kwa Mirihi, safari huchukua miezi, na nafasi nzuri ya kuondoka hujirudia kila baada ya takriban miezi 26. Mbunifu mwenye busara basi aanze na akiba ya kuwavusha watu muda huo wote na vipuri vinavyotengenezeka palepale, ndipo achore kuta.