Uwiano wa Trigonometria
Uwiano wa trigonometria ni mahusiano ya pande za pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90. Kwa pembe iliyochaguliwa, sini ni upande wa mkabala ukigawanywa kwa haipotenusi, yaani upande mrefu kuliko zote. Kosini ni upande wa jirani kwa haipotenusi. Tanjenti ni mkabala kwa jirani.

Kwa mkazi wa Cheyo, kata ya mji wa Tabora, tanjenti ndiyo yenye manufaa zaidi. Mwembe mrefu hupimwa bila kuukwea: ukisimama mita 20 kutoka shinani, na kilele kikaonekana kwa nyuzi 35 juu ya usawa wa jicho, zidisha 20 kwa 0.70 upate mita 14, kisha ongeza kimo cha jicho lako. Wengi husahau nyongeza hiyo.

Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri likiwa juu ya ikweta, mwezi Machi na Septemba, nguzo ya mita 2 iliyosimama wima hutupa upande wa kusini kivuli cha sentimita 17 na nusu hivi, kwani tanjenti ya nyuzi 5 ni 0.087. Kinyume chake, kivuli hicho hufichua latitudo. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, pamoja na Richard Burton Novemba 1857, alitafuta latitudo kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe.