Msiri wa Bunkeya naye alikuwa mtu wa kuja

Hapa Kolwezi tunapoulizwa “wewe ni wa wapi?” mimi hufikiria Msiri, mfalme wa Bunkeya, humu humu Lualaba. Alizaliwa Usumbwa, Tanzania ya leo, akafuata njia ya shaba ya baba yake, Kalasa. Alitawala kwa bunduki, lakini pia kwa ndoa: mke wake Maria de Fonseca alimuunganisha na wafanyabiashara wa Angola. Pembe za ndovu na watumwa (tusifiche hilo) walipelekwa pwani zote mbili. Mwaka 1891 Basanga waliasi. Tarehe 20 Desemba Kapiteni Bodson akamuua kwa risasi. Mwana wake Mukanda Bantu akarithi. Bayeke wangali Bunkeya, na hakuna anayewadai karatasi za Usumbwa.