Kuchuma na Kuchuna: Kitenzi cha Kiingereza katika Mashamba ya Chai ya Kericho na Bomet

Kitenzi cha Kiingereza "pluck" kina matumizi mengi. Kwa kitenzi hicho Mwingereza hunyonyoa kuku, huchuma ua, na hupiga nyuzi za gitaa kwa vidole. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo. Kila tendo lina kitenzi chake.

Mche wa chai ulipandwa Limuru mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Uingereza, Brooke Bond ikiwa miongoni mwao, yalianzisha mashamba makubwa huko Kericho. Wakati huo "pluck" ilikuwa tayari istilahi ya chai kutoka India na Ceylon, yaani kuvunja kwa vidole majani mawili na chipukizi lake. Wafanyakazi walikuwa Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, na Kiswahili kikasaidia kuwaunganisha. Katika Kiswahili cha Kenya istilahi hiyo imepata tafsiri mbili: kuchuma majani chai, na kuchuna majani chai.

Tofauti ni ya konsonanti moja tu, lakini maana zimeachana sana. Kuchuma ni kutoa tunda au ua mtini. Ni kupata mali pia, na ndiko walikotoka chumo, mchumi na uchumi. Wahenga walisema: mchumia juani hulia kivulini. Kuchuna, kwa upande wake, ni kuambua ngozi ya mnyama. Na kwa mafumbo ni kumla mtu mali yake kwa hila. Hatudai kwamba wasemaji hulifikiria jambo hili kila asubuhi wabebapo vikapu. Hata hivyo, lugha imehifadhi pande zote mbili za kazi ile: riziki ya mfanyakazi na malalamiko yake.

Kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa kilo, kuchuma jani na kuchuma riziki vilikuwa tendo moja. Mashine zilipoingia, maana hizo zilitengana. Mwezi wa Mei 1923 haukujua ugomvi huo. Mei 2023 uliushuhudia, pale baadhi ya mashine zilipochomwa moto huko Kericho katika maandamano ya kutetea ajira.

Katika Kiingereza, mkono na mashine hutumia kitenzi kilekile, na hakuna kinachopotea. Katika Kiswahili, mashine yaweza kuchuma majani, lakini haimchumii mfanyakazi riziki. Mfasiri wa mikataba ya kazi hana budi kuizingatia tofauti hiyo.