Nani Aliyepiga Picha? Maisha ya Mjini, Makumbusho na Kiswahili cha Picha

1.0 Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Upare, kuanzia Same mjini hadi vijiji vya mlimani kama vile vya Mhezi, ukuta wa sebuleni hubeba picha zilizotiwa kwenye fremu. Mojawapo aghalabu ni ya kijana aliyeshuka mlimani kwenda Tanga au Dar es Salaam kutafuta kazi. Amesimama wima, shati limenyooshwa, na nyuma yake kuna pazia la studio. Mgeni akiuliza habari ya picha hiyo, huambiwa: “Hapo alipiga picha alipokuwa mjini.” Sentensi hiyo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeishangaa. Hata hivyo, kijana huyo hakushika kamera. Aliyeishika ni mtu mwingine, ambaye jina lake halikumbukwi katika nyumba hiyo.

Makumbusho hufanya kinyume chake. Picha ya aina hiyohiyo ikitundikwa katika ukumbi wa maonyesho, jina la mpigapicha huandikwa, na aliyesimama mbele ya kamera huwa “kijana mmoja”. Mhadhara huu unajadili tofauti hiyo kwa kuangalia historia ya picha za maisha ya mjini katika Uswahili, hususan Zanzibar, na kile ambacho Kiswahili chenyewe kinatufundisha kuihusu.

2.0 Msamiati wa Picha

Neno *picha* lilitoka Kiingereza, lakini halikukuta uwanja mtupu. Kiswahili kilikuwa tayari na *sanamu*, neno la asili ya Kiarabu ambalo katika lugha hiyo lilihusu kinyago cha kuabudiwa, na ambalo Waswahili walilipanua likabeba pia maana ya mfano wa kitu uliochongwa au kuchorwa. Kulikuwa na *taswira*, ambayo leo imehamia zaidi katika uhakiki wa fasihi. Kulikuwa pia na *sura*. Kiarabu kina maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti ya kwanza: moja lina maana ya umbo, na jingine ni sehemu ya Kurani. Kiswahili, chenye /s/ moja tu, kiliyakutanisha katika tamko moja; hivyo mtu ana sura, na kitabu kina sura.

Kitenzi *piga* kinahitaji uangalifu zaidi. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga chapa. Vivyo hivyo tunapiga picha. Lakini katika “kupiga picha” kiima kina uhuru usio wa kawaida. “Asha alipiga picha” yaweza kumaanisha kwamba alishika kamera, au kwamba alivaa nguo zake nzuri, akaenda studio, akalipa, akarudi na picha yake. Kauli ya kutendwa, “Asha alipigwa picha”, ipo, lakini inaelekea kumwonyesha Asha kama mtu aliyetendewa jambo, pengine bila ya kutarajia. Kwa hiyo, mzungumzaji anayemtaja mteja wa studio kwa kauli ya kutenda anamhesabu kuwa mtendaji.

3.0 Kutoka Kadi ya Posta hadi Mtaani

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, studio za wapigapicha wenye asili ya Goa, mathalani A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, zilikuwa zikifanya kazi Zanzibar. Zilipiga picha za watawala, majengo, bandari na wakazi, na nyingi kati ya hizo ziligeuzwa kuwa kadi za posta zilizosafiri hadi Ulaya. Maandishi ya chini ya kadi hizo yalikuwa ya lugha za kigeni, na kwa kawaida yalitaja kabila au aina ya mtu: “mwanamke Mswahili”, “wenyeji”. Jina la mtu halikuwamo.

Hapa tahadhari inahitajika. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na masuria hawakuhusishwa hadi mwaka 1909. Wanawake wanaoonekana katika picha za wakati huo wakiwa na kanga na vito hawakuwa wote na uwezo wa kukataa kusimama mbele ya kamera. Kuwasema kwa pamoja kwamba “walipiga picha” kungekuwa kuwapa hiari ambayo huenda baadhi yao hawakuwa nayo. Wengine *walipigwa* picha, kwa maana kamili ya kauli ya kutendwa. Mtafiti hana budi kuchagua kitenzi chake kwa ushahidi, picha moja baada ya nyingine.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Mwaka huohuo ndipo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kwa hiyo, wakati kamati ikiamua namna ya kuandika maneno ya mji huo, studio ilikuwa ikihifadhi nyuso za waliokuwa wakiyasema.

Oza alipiga picha za Sultani na hafla za serikali, lakini hakuishia ikulu. Alipiga pia picha za vichochoro, baraza, masoko na watu wakiwa katika shughuli zao. Pamila Gupta ameandika uchambuzi wa picha zake za miaka ya 1950 zinazoonyesha baiskeli, akibainisha jinsi chombo hicho cha kawaida kinavyoweza kuusimulia mwendo wa mji mzima. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi zilizokuwa wateja wa studio kama hiyo ziliondoka Zanzibar. Studio ilibaki, na baadaye mwanawe, Rohit Oza, akaiendeleza. Kuta zake zilijaa picha za zamani, hata watalii wakawa wanaingia kuzitazama na kuzinunua.

4.0 Picha Katika Makumbusho

Picha za studio za pwani zimekwisha kuingia katika makumbusho makubwa. Mwaka 1998 jumba la makumbusho la mji wa München, Ujerumani, lilifanya maonyesho ya wapigapicha wa studio wa Afrika, yaliyoandaliwa na Tobias Wendl na Heike Behrend. Wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa miongoni mwao. Kati ya mwaka 2017 na 2019, maonyesho ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, yaliyosimamiwa na Prita Meier na Allyson Purpura, yalianzia Chuo Kikuu cha Illinois, yakaenda Washington, kisha Los Angeles. Yalikusanya pamoja vitu vilivyoazimwa kutoka Kenya na Oman.

Heshima hiyo ni stahiki. Hata hivyo, mtazamaji wa Washington hawezi kumtambua bibi harusi wa Malindi au mwendesha baiskeli wa Darajani. Anayeweza kumtambua yuko Unguja, Muscat, Dubai au London, na umri wake umekwenda. Picha inaweza kudumu miaka mia. Jina linaloandamana nayo hudumu kadiri ya maisha ya mwenye kulikumbuka.

5.0 Hitimisho

Ukuta wa sebule ya Mhezi na ukuta wa makumbusho kila mmoja umehifadhi nusu ya habari. Sebule imehifadhi jina la aliyesimama, na maelezo yake ni ya mdomo. Makumbusho yamehifadhi jina la aliyeshika kamera, na maelezo yake yameandikwa, mara nyingi si kwa Kiswahili. Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili ni kuziunganisha nusu hizo: kukaa na wazee, picha ikiwa mkononi, kuuliza nani huyu, alikuwa wapi, alivaa nini na vazi hilo liliitwaje, kisha kuyaandika majibu kwa maneno yaleyale yaliyosemwa.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala safari ya mbali, na inaweza kuanzia nyumbani kwa mwanafunzi mwenyewe. Lakini haiwezi kuahirishwa. Siku ambapo bibi wa mwisho anayemjua yule kijana wa kwenye fremu atakapofariki, hata mlimani kwao kijana huyo atakuwa “kijana mmoja”, na sentensi “alipiga picha” itakuwa imepoteza kiima chake.